Kadi 48 za Watahiniwa: Shajara ya Mradi, Arua, Uganda

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeanza leo, ingawa nilikuwa nimejiahidi kuanza tangu Agosti. Mwalimu wa shule ya Jumapili amenipa orodha ya watoto 43 wa kanisa letu watakaofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mapema Novemba, nami nimeongeza watano wa mtaani, watatu kati yao wakiwa watoto wa majirani zetu Waislamu. Jumla ni 48. Binti yetu wa kwanza yumo katika hesabu hiyo, jambo linalonifanya nione kwamba mradi huu si wa kanisa tu. Nia yangu ni kila mtoto apewe kadi iliyotengenezwa kwa mkono, yenye jina lake, siku ya ibada ya kuwaombea watahiniwa, Jumapili ya tarehe 26 Oktoba.

Kadi za dukani hazikosekani. Msimu huu zimetundikwa kwa kamba mbele ya kila duka la vifaa vya shule, zikiwa na picha ya kofia ya mahafali na kalamu ya rangi ya dhahabu, na maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kupigwa chapa, kiasi kwamba mnunuzi hana kazi iliyobaki ila kutia sahihi. Mwaka jana baada ya ibada niliokota tatu kwenye nyasi za uwanja wa kanisa, na mbili kati yake hazikuwa na jina la mtoto wala la mtoaji. Hapo ndipo wazo hili lilipozaliwa.

Bajeti niliyoitenga ni shilingi 20,000. Muda wa kazi ni kati ya kuosha vyombo vya usiku na sala ya jioni, yaani kama dakika arobaini, umeme ukiwapo. Shajara ninaiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu: mume wangu ni Mwalur wa Nebbi, mimi ni Mkakwa wa Koboko, na majirani wengi ni Walugbara na Wanubi, hivyo bila Kiswahili hata chumvi tungeombana kwa ishara.

Jumanne, 9 Septemba

Nilipenda kutumia kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, nilicholetewa kutoka Masaka. Rangi yake ya udongo mwekundu ni nzuri kuliko karatasi yoyote, na ni ufundi wa Buganda ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Nilikata mraba mdogo, nikaubandika, nikapendezwa nao. Kisha dada mmoja wa kwaya, mwenyeji wa Masaka, alipita kuchukua sufuria yake, akaitazama kadi kwa muda, akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba kwao lubugo ndilo wanalomvika marehemu. Nilikuwa ninajua, ila sikuwa nimeliunganisha na mtoto wa miaka kumi na mitatu anayekwenda kwenye mtihani. Kweli lubugo huvaliwa pia siku za kutawazwa, lakini bibi wa mtoto hatasubiri maelezo hayo. Kipande nimekirudisha kabatini.

Shanga za karatasi nazo nimeziacha bila majuto. Zinainua kadi hata bahasha haifungi.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimeharibu karatasi nzima ya manila, na ninaeleza kwa kirefu ili nisirudie.

Karatasi niliyonunua ina sentimita 62 kwa 50. Bahasha ndogo za dukani zina sentimita 16.2 kwa 11.4, kwa hiyo kadi iliyokunjwa ya 15 kwa 10.5 inaingia na kupumua. Ikiwa kadi inafunguka kama kitabu, kipande chake kabla ya kukunjwa ni 21 kwa 15, na ukiupanga upande wa 15 kufuata ule wa 62 unapata vipande vinne kwa viwili, yaani vinane katika karatasi moja. Karatasi sita, kadi 48. Niliifurahia hesabu hiyo kana kwamba nimeitunga mimi.

Nilipoanza kukunja, kila mkunjo ulipasuka. Rangi ya juu ilifunguka kwa mstari mweupe wenye manyoya, kama mdomo uliokaukiwa wakati wa kiangazi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja, kwa kuwa rojo yake humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbele nazo nyuzi hujipanga kufuata mwendo huo. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo hutulia, na ukikunja kwa kuzikata, tabaka la juu huvunjika. Kuzitambua si kazi: unaipinda karatasi polepole bila kuikunja, kwanza upande huu, kisha ule, na upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Hilo nilipaswa kulifanya kabla ya kushika kisu. Nyuzi za manila yangu zimelala sambamba na upande mfupi wa 50, ilhali mikunjo yangu yote ilikuwa sambamba na ule wa 62.

Kuvigeuza vipande ili vifuate nyuzi kunaleta sita tu kwa kila karatasi. Nilikuwa nimekwisha kukubali kununua zaidi ndipo binti yangu, aliyekuwa akifanya mazoezi ya hesabu upande wa pili wa meza, akauliza kwa nini kadi isifunguke kwenda juu kama hema. Akachora pembeni mwa daftari lake: kipande cha 30 kwa 10.5, viwili kwa urefu wa 62, vinne kwa upana wa 50, mkunjo ukiwa sambamba na upande mfupi. Vinane tena, ukubwa uleule, na nyuzi zimeheshimiwa. Nilimwambia aendelee na mazoezi yake, ila nilitabasamu nikiwa nimegeukia jikoni.

Kadi nane zilizopasuka amezichukua yeye kwa kuandikia maswali ya sayansi.

Jumatano, 17 Septemba

Mkunjo sasa unafanywa hivi: rula ya chuma, kisha kalamu iliyokwisha wino inayovutwa mara mbili juu ya mstari bila kukandamiza sana, kisha kukunja kuelekea upande usio na mfereji, na mwisho kupitisha mgongo wa kijiko. Upande huo wa kukunjia nilikuwa ninaukosea. Mfereji unatakiwa uwe nje ya kadi, juu ya mgongo wa mkunjo, wala si ndani.

Pambo litakuwa kitenge. Arua haina upungufu wa vitenge, kwa kuwa vingi hupitia mpaka wa Kongo, na mafundi cherehani wa karibu na soko hufagia kila jioni vipande ambavyo wao wanaviona takataka. Nimejaza mfuko mmoja bila kulipa chochote. Tatizo ni kwamba kitenge kilichokatwa vyembamba hutoa nyuzi pembeni, na gundi nyeupe hupenya ikaacha doa kama la mafuta ya kupikia.

Dawa imekuwa wanga. Vijiko viwili vya unga wa muhogo vilivyokorogwa katika kikombe cha maji baridi, vikachemshwa mpaka uji uwe wa kung'aa. Kitambaa kinachovywa humo, kinakamuliwa, kinaanikwa, na kinapigwa pasi kabla hakijakauka kabisa. Kinakuwa kigumu kama karatasi na kinakatika kwa mkasi bila kuchanika, wala gundi haipenyi kwa urahisi. Mama mkwe alitazama sufuria akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, “Mwanangu, nguo nazo siku hizi zinakula?” Nimeahidi kutozidisha vijiko viwili kwa wiki. Uji uliobaki huchacha siku ya pili kwa joto hili, na mende huupenda, kwa hiyo haufai kuhifadhiwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Mchoro umepatikana kwa jirani yangu Mnubi, ambaye husuka makawa ya kufunikia chakula kwa rangi zinazokuita kutoka barabarani. Nilimwomba ruhusa ya kuiga pembetatu zinazozunguka kawa lake. Alikubali, kisha akanikosoa: nilikuwa nimeweka rangi nne, naye akasema rangi mbili zinatosha, ya tatu ni kitovu tu. Nimepunguza. Sasa kila kadi ina pembetatu tano za kitenge na duara dogo la manjano, na inanichukua dakika tisa badala ya ishirini. Kwa nafsi yangu ningeendelea kuongeza mapambo mpaka Krismasi.

Jumamosi, 27 Septemba

Hasara. Mvua za wiki hii zimeijaza nyumba unyevu, na kadi zilizobandikwa zilikuwa zinajipinda kama majani ya ndizi yaliyopashwa moto. Nilihitaji kitu kizito na kipana cha kuzilaza, nikaona godoro la watoto. Kadi 20, ubao juu na ubao chini, kisha godoro. Kwa usiku mbili njia hiyo ilifanya kazi vizuri sana, na asubuhi zilitoka zimenyooka kama shati la Jumapili.

Usiku wa tatu kitindamimba alikunywa chai nyingi. Kadi tisa hazifai tena, na nimeamua kutojaribu kuzikausha, maana kuna zawadi ambazo mtu hapaswi kupewa hata zikinukia sabuni. Mtoto mwenyewe alilia kuliko mimi, akiamini ameharibu mtihani wa watu. Tulikaa naye hadi akanyamaza, na sala ya jioni ile ilikuwa fupi.

Kadi zitalazwa chini ya gunia la mchele kuanzia leo. Hesabu: manila tano zilinipa vipande 40, vimebaki 31. Nimenunua karatasi tatu zaidi, yaani vipande 24, nayo jumla ni 55.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Mume wangu, ambaye kazi yake ya kupakia na kupakua mizigo mpakani Vurra humrudisha nyumbani Jumamosi tu, amepata mapumziko ya siku moja, na kwa mara ya kwanza tangu nianze tumekaa watu watano mezani. Yeye amekata, mimi nimebandika, mama mkwe amepanga pembetatu kwa rangi, mtoto wa kati amehesabu. Tumemaliza sehemu ya nje ya kadi zote 55 kabla ya saa kumi. Ningeweza kuishia hapo na kuiita siku njema, ila ndani ya kadi hakukuwa na neno.

Sentensi nilikuwa nayo tangu Septemba. Nilikuwa nimeiandika kwenye kadi ya mfano kwa mwandiko wangu bora: Mungu akujalie daraja la kwanza. Binti yangu aliisoma, akairudisha mezani, akasema, “Mama, hii nayo ni ya mwalimu.”

Nilimuuliza maana yake, na jibu lake lilikuwa refu kuliko kawaida yake. Mtihani huu una karatasi nne kwa siku mbili, na kila karatasi hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, mpaka 9. Mwenye jumla ya 4 ndiye aliyefikia kilele, na daraja la kwanza linaishia 12. Darasani kwao, alisema, kuna karatasi ukutani ambapo kila mtoto ameandikishwa idadi anayolenga. Baba akipiga simu huuliza idadi hiyo. Mchungaji aliwauliza kwa mikono, nani anataka nne. Bibi huiombea kwa jina, kana kwamba nne ni mtoto wa nyumba hii. “Sasa na kadi pia,” alisema, kisha akainuka kwenda kutoa nguo kambani.

Nilikasirika kidogo kwanza, sitaficha. Mwezi mzima wa vidole vyenye gundi, na mteja wa kwanza anarudisha mzigo. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, akichonga penseli isiyohitaji kuchongwa. Mama mkwe ndiye aliyeuliza, bila kumwelekea yeyote, kama mtoto anayetumwa kisimani huambiwa kila hatua idadi ya lita anazotarajiwa kurudi nazo.

Tuliandika sentensi saba na kuzifuta. Nyingine zilikuwa za kishairi mno, nyingine zilikuwa zilezile za alama zikiwa zimevaa kanzu. Iliyobaki ni hii: Tumekutaja kwa jina katika maombi yetu ya jioni. Mungu aliyekuwa nawe tangu siku ya kwanza ya shule awe nawe siku hizi mbili. Ukirudi, tunakungoja. Binti aliporudi na nguo aliisoma akiwa amesimama, akasema inafaa, ila itabidi iwe kweli.

Hoja yake ni sahihi. Majina 48 kwa majina matatu kila jioni ni jioni 16, na kutoka kesho hadi Jumamosi ya tarehe 25 ni jioni 16 kamili. Orodha imebandikwa kwenye mlango wa kabati.

Jumatano, 15 Oktoba

Majina yanachukua muda kuliko kitenge. Majina mengi ya Kilugbara hubeba habari ya hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa, furaha au msiba, na kukosea herufi moja kunaweza kuibadilisha habari hiyo au kuifuta. Orodha niliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa haraka, na majina sita nimelazimika kuyafuatilia kwa mama zao. Kadi mbili zimeharibika kwa wino: moja nilirudia silabi, nyingine ilipata tone la mchuzi. Zimebaki 53.

Ninaandika kwanza kwa penseli hafifu, kisha kwa kalamu ya wino mweusi, kisha ninafuta penseli baada ya saa moja, si kabla, kwa sababu manila inanyonya wino taratibu na kifutio huupaka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ninaweka “Yakobo 1:5” bila kuandika mstari wenyewe, ili atakayetaka aifungue Biblia.

Kuhusu wale watoto watatu wa majirani nilikwenda kuuliza badala ya kukisia. Jirani yangu wa makawa, ambaye mjukuu wake ni mmoja wao, alipendekeza ile dua fupi ya Sura Twaha ya kuomba kuzidishiwa elimu, nami nimeiandika chini mahali pa Yakobo, na juu nimeandika Mwenyezi Mungu. Nilimuuliza pia kama niondoe maneno ya maombi yetu ya jioni. “Hayo yaache, mama,” alisema akiendelea kusuka. “Dua ni dua. Na sisi tutawataja wenu baada ya Isha.” Alitaka jina la binti yangu lililo kamili, akalirudia mara mbili ili asilisahau.

Jumanne, 21 Oktoba

Umeme umekosekana siku mbili. Taa ya sola inatosha kwa kusali na haitoshi kwa kuandika. Hakuna cha kuongeza ila kwamba majina ya jioni yamesomwa yote, hata jioni moja mume wangu aliyasoma kwa simu kutoka mpakani huku malori yakinguruma nyuma yake.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kadi 47 zimo katika bahasha. Ya binti yangu nilikuwa nimeiacha iwe ya mwisho, na saa nne usiku niligundua kwamba sentensi ile haimfai, kwa kuwa ameisaidia kuzaliwa, naye ndiye aliyekuwa akiyasoma majina. Jioni ya leo jina lake lilikuwa la tatu katika matatu ya mwisho. Alilifikia, akasita, akanipa karatasi nilisome mimi.

Ndani ya kadi yake nimeandika tu kwamba siku ya pili ya mtihani, atakapotoka, chakula kitakuwa ni kile anachokijua, na kwamba hakuna atakayemuuliza swali mpaka amalize kula.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kadi zilitolewa jana baada ya ibada. Watoto wawili ambao hawakuwa katika orodha walikuja na shangazi yao kutoka Maracha, na kwa kuwa nilikuwa nimebeba kadi tupu tano, bahasha mbili na kalamu, niliwaandikia palepale juu ya benchi. Majina yao yatasomwa leo jioni, ili sentensi isiwe ya uongo. Mwalimu aliwakumbusha wote kwamba hakuna karatasi yoyote inayoruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani, hata yenye neno la Mungu, hivyo kadi zibaki nyumbani. Ya binti yangu imesimama juu ya kabati la vyombo. Faida ya kukunjia juu ni kwamba inasimama yenyewe, kama hema kweli.

Uwanjani baadaye sikuokota kitu ila ganda la karanga, ingawa nakiri nilizunguka mara mbili.

Hesabu ya fedha: manila tisa, 9,000, bahasha 50, 5,000, gundi, 4,500, kalamu mbili za wino, 3,000. Jumla ni shilingi 21,500, yaani nimezidi kwa 1,500. Kitenge na wanga havikugharimu, ingawa mama mkwe ana maoni tofauti kuhusu wanga.

Vimebaki kadi tatu tupu, mfuko nusu wa vitenge, na vipande virefu vya manila vya sentimita 8, kimoja kwa kila karatasi niliyokata kwa njia ya hema. Mtoto wa kati ameomba vipande hivyo, hajasema ni vya nini.